Kuvua kambale jioni kwenye Kikuletwa na Ruvu: kitundu cha chambo, unywele na ndoano ya duara

Kambale ana macho madogo na ndevu nane. Ndevu hizo, jozi nne kuzunguka mdomo, zina viungo vya kuonja ladha, na kwa kuzitumia anafuata chakula gizani mpaka akifikie. Mchana hujibana chini ya mizizi na kwenye mapango ya kingo. Jua likianza kuzama hutoka. Kwa hiyo anayevua jioni kazi yake kubwa ni kuweka harufu mahali pamoja na kuilinda isisambae hovyo, na mbinu zote zilizomo humu zinalenga hilo, hasa kitundu, yaani kibomba chenye matundu kinachotoa chakula cha kuvutia polepole.

Maji tunayoyazungumzia ni ya tambarare ya chini ya Moshi: Kikuletwa baada ya kupokea Weruweru, Kikafu na Karanga, na Ruvu inayotoka Ziwa Jipe. Mito yote miwili inaishia bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji yake ni ya tope na sehemu nyingi yanakwenda polepole, na ndivyo kambale anavyopenda.

Kabla ya yote, leseni. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kwa hiyo anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kisha uliza kikundi cha BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) cha eneo lako ni wapi panaruhusiwa. Sumu na baruti ni marufuku popote.

Hatua ya 1: Chagua mahali mapema, mwanga ukiwepo

Fika saa 10 jioni. Jua huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 kasoro dakika 10 hivi kutegemea mwezi, na giza likiingia huwezi tena kusoma mto. Tafuta kona ya nje ambapo maji yamekula ukingo, mwisho wa kilindi ambapo mkondo unapunguza kasi, au mdomo wa mfereji unaorudisha maji kutoka kwenye majaruba ya mpunga. Hapo kwenye mfereji ndipo tunapopapenda kuliko kote, maana maji yanashuka na wadudu, vyura na minyoo, na kambale anapajua.

Kaa kimya dakika kumi uangalie. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, na akiibuka utaona mdomo mpana ukifunguka mara moja, mviringo kwenye maji, kisha vipovu vichache nyuma yake. Ukiona hivyo mara mbili au tatu sehemu ileile, umefika.

Sasa usalama, na hapa usifanye haraka. Kuna mamba na viboko kwenye maji haya. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na hupita njia yake ileile: mfereji mpana wa udongo uliokanyagwa, wenye kinyesi pembeni. Usikae juu yake wala karibu nayo. Chagua ukingo ulioinuka mita moja na nusu au zaidi juu ya maji, kaa mita nne nyuma, wala usiingie majini hata kifundo cha mguu. Kichocho nacho kipo. Usisafishie samaki hapo. Nendeni wawili, na saa 2 usiku muwe mmeondoka.

Angalia pia mlima. Mvua ikinyesha juu Kilimanjaro, mto unaweza kujaa huku tambarare kukiwa kukavu. Maji yakigeuka rangi ghafla na kuanza kubeba majani na vijiti, kusanya vitu upande juu.

Hatua ya 2: Vifaa

Fimbo ya mita 2.7 hadi 3 na rili yenye breki inayorekebishika. Uzi mkuu wa nailoni wa milimita 0.40. Uzi wa kusuka unaohimili kilo 20 kwa ajili ya kigwe cha ndoano, yaani kipande cha mwisho kinachoshika ndoano, kwa sababu kambale ana vijino vingi vidogo kama msasa na nailoni nyembamba husagika. Ndoano za duara namba 2/0 hadi 4/0, yaani zile ambazo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shina. Sviveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote), shanga za plastiki, wavu wa kuopolea wenye mpini mrefu, koleo, kitambaa kizito, na tochi ya kichwani.

Asiye na rili asikate tamaa. Mshipi wa mkono uliozungushiwa chupa ya plastiki unarusha kitundu vizuri mpaka mita 15, na kambale wa jioni mara nyingi huwa karibu na ukingo kuliko hapo.

Hatua ya 3: Tengeneza kitundu cha chambo

Kata bomba la plastiki la maji la inchi moja na robo, urefu sentimita 6. Pasha msumari wa inchi 4 hadi uwe mwekundu, utoboe matundu 16 hadi 20 kuzunguka bomba. Fanya kazi hii nje, moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Upande mmoja wa bomba funga kwa waya nati mbili za M16, jumla gramu 65 hivi. Ziwe upande mmoja tu. Ukizifunga pande zote mbili, kitundu kitabingirika na mkondo na harufu yako itaenda nacho.

Toboa tundu jingine karibu na mdomo wa bomba, ufunge nailoni ya milimita 0.30 yenye urefu wa sentimita 10, na mwisho wake uweke kipete kidogo. Uzi huu uwe mwembamba kuliko uzi mkuu kwa makusudi. Kitundu kikinasa kwenye mzizi, unakatika wenyewe na unapoteza bomba, si mtambo mzima wala samaki.

Hatua ya 4: Changanya chakula cha kuvutia

Maduka ya vyakula vya mifugo Moshi na Arusha yana karibu kila kitu:

mashudu ya alizeti kilo 1
pumba za mahindi kilo 1
dagaa waliosagwa gramu 200
udongo wa kichuguu nusu kilo

Udongo wa kichuguu unashika kuliko udongo wa kawaida na unaongeza uzito. Changanya vikavu kwanza, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa vidole. Acha dakika 15 pumba zinywe maji, ndipo uongeze tena kama bado ni kavu. Wengi hukosea hapa: wanamwaga maji yote mara moja, mchanganyiko unakuwa uji, nao unatoka kwenye kitundu kabla hakijagusa chini.

Pima hivi. Finyanga tonge la ukubwa wa limau, lidondoshe kwenye ndoo ya maji. Likivunjika ndani ya dakika 5 hadi 10, ni sawa. Likivunjika papo hapo, ongeza udongo. Likibaki zima baada ya robo saa, ongeza pumba.

Hatua ya 5: Funga unywele

Unywele ni kipande kifupi cha uzi kinachobeba chambo nje ya ndoano, ili ncha ibaki wazi. Mdomo wa kambale ni mfupa mtupu sehemu kubwa, na ncha iliyozikwa ndani ya ini la kuku haishiki.

Kata sentimita 60 za uzi wa kusuka. Funga kitanzi kidogo mwisho mmoja. Pitisha mwisho mwingine kwenye tundu la ndoano ukitokea mgongoni, yaani upande usiotazamana na ncha, na uvute mpaka kitanzi kining'inie sentimita 2 chini ya mpindo. Ushikilie uzi wa kitanzi sambamba na shina, kisha kwa ule mwisho mrefu zungusha mara 8 kushuka, mizunguko ikibanana bila kupandana. Rudisha mwisho huo kwenye tundu, tena ukitokea mgongoni. Lowesha kwa mate, vuta taratibu.

Jaribu: lazia ndoano kiganjani na uvute uzi. Inapaswa kugeuka na ncha itafute ngozi. Isipogeuka, umepitisha mwisho kwa upande usio wake, kata, rudia.

Chambo cha unywele: kipande cha sabuni ya mche cha sentimita 2 kila upande, kilichotobolewa kwa sindano ya gunia, kitanzi kikapitishwa na kuzuiliwa kwa kipande cha chelewa. Sabuni inayeyuka polepole na samaki wadogo hawaidonoi. Ini la kuku lina harufu kali zaidi lakini ni laini, hivyo lifunge kwenye kitanzi kwa mizunguko kumi ya uzi wa cherehani, la sivyo litaruka ukirusha.

Hatua ya 6: Unganisha

Uzi mkuu unapita kwenye kipete cha kitundu, halafu kwenye shanga, halafu unafungwa kwenye sviveli. Upande wa pili wa sviveli funga ule mwisho mrefu wa uzi wa ndoano, ndio kigwe, urefu wake uwe sentimita 40. Kitundu kinatembea huru juu ya uzi, kwa hiyo samaki akivuta hahisi uzito. Shanga inalinda fundo lisigongwe.

Hatua ya 7: Lisha, kisha subiri

Kuanzia saa 11 na nusu, jaza kitundu, rusha, acha dakika 5, toa, rudia. Mara sita. Zote mahali pamoja: lenga mti wa ng'ambo, na funga uzi mwekundu wa cherehani kwenye uzi mkuu pale unapotoka kwenye rili ili ujue umbali. Baada ya hapo badilisha kila dakika 15 hadi 20. Mto ukisukuma kitundu, tumia nati za M20, ambazo kila moja ina gramu zaidi ya 60.

Dawa ya mbu ipake kwa mgongo wa mkono. Harufu yake ikiingia kwenye chambo, umeharibu kazi yote. Tochi isimulike maji.

Ning'iniza njuga ndogo kwenye ncha ya fimbo, na funga fimbo kwa kamba kwenye kigingi kilichozama vizuri ardhini, maana kambale mkubwa anaondoka nayo.

Hatua ya 8: Usikurupuke

Njuga ikigutuka mara moja moja, subiri. Ikilia mfululizo na uzi ukaanza kwenda, inua fimbo polepole na zungusha rili mpaka uhisi uzito. Basi. Ukivuta kwa nguvu kama ulivyozoea na ndoano ya kawaida, ya duara inachomoka mdomoni kabla haijafika kwenye pembe ya taya. Mazoea haya ni magumu kuacha kuliko kujifunza fundo.

Mzuie asirudi kwenye mizizi kwa kulaza fimbo upande, si kuiinua juu. Mwopoe kwa wavu ukiwa juu ya ukingo. Mapezi ya kifuani yana miiba yenye meno. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, kidole gumba na cha shahada nyuma ya miiba hiyo. Akikuchoma, osha kwa maji safi na sabuni mara moja.

Kujaribu mbinu nyingine

Weka fimbo mbili umbali wa mita tatu, chakula kilekile, na badilisha kitu kimoja tu: chambo, au urefu wa kigwe, au aina ya ndoano. Badilishaneni nafasi za fimbo katikati ya jioni, kwa sababu mara nyingi kinacholeta tofauti ni shimo lililo chini ya maji, si ndoano. Kigwe cha sentimita 15 kinafaa kambale wanapokula juu ya kitundu chenyewe. Wakidonoa bila kuchukua, refusha hadi 60. Msimu wa masika, maji yakifurika kwenye majani, acha kitundu kabisa: tundika minyoo mitano kwenye ndoano chini ya boya, kina cha nusu mita, ukingoni mwa majani yaliyozama.