Somo: Kipima mwanga kinasema f/8, picha inatoka giza

Tatizo hili ninaulizwa karibu kila mwezi. Mtu amenunua kipima mwanga cha mkononi, amewasha flashi za studio, kifaa kimesoma f/8 (namba ya apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga), ameweka f/8 kwenye kamera, na picha imetoka giza au imeungua kwa mwanga mwingi. Hapo hapo anasema kifaa ni kibovu. Kabla hujakipeleka kwa fundi, chunguza jambo moja: je, kosa limetulia au linahamahama? Kama kila picha ina giza kwa kiasi kilekile, kasoro iko kwenye mipangilio au kwenye namna unavyokishika kifaa. Kama picha hii ni sawa, inayofuata giza, kisha sawa tena, kiache kipima mwanga, kaitazame taa, triga (kile kidude kinachoiamuru flashi iwake) na umeme.

Mifano yangu ni ya Sekonic L-308S, maana ndiyo ninayoishika kila siku.

Hatua ya 1: Bakiza taa moja

Zima taa zote isipokuwa moja. Ondoa softiboksi, kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga. Taa iwe kwenye M (nguvu unaipanga mwenyewe kwa mkono), nusu ya nguvu, mita 2 kutoka kwenye kiti. Kamera ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi ya shata 1/125, yaani muda wa kupokea mwanga kwa sehemu ya sekunde. Funga pazia. Ukianza uchunguzi na taa tatu pamoja na dirisha lililo wazi, utazunguka mpaka jioni.

Hatua ya 2: Tazama alama kwenye skrini

Alama ya jua maana yake kifaa kinapima mwanga uliopo chumbani tu. Flashi inapita na hakiihesabu. Kwa flashi unataka alama ya radi. Katika hali isiyo na waya unabonyeza kitufe, alama inaanza kumetameta, ndipo unawasha flashi kwa triga. Skrini ikionyesha E na u, mwanga ni mdogo kuliko kinavyoweza kupima. E na o, umezidi.

Hatua ya 3: ISO na shata zilingane na kamera

Nieleze lililonipata. Nilipiga picha za familia moja asubuhi nzima, zote zikatoka na giza la stopu mbili kamili (stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili au kupungua nusu). Nilibadilisha triga, nikabadilisha waya, nikakipeleka kifaa kwa fundi. Akanirudishia bila kukifungua: kilikuwa kimebaki kwenye ISO 400 tangu kazi ya nje ya siku iliyotangulia, na kamera ilikuwa 100. Giza la stopu mbili kamili, halibadiliki, ni dalili ya ISO. Tangu siku ile natazama ISO kwanza.

Shata nayo ina athari, ingawa ndogo. Kifaa kikiwa 1/60 na kamera 1/125, kitajumlisha mwanga wa dirisha na wa ile balbu ya kuonyeshea iliyo ndani ya taa zaidi ya kamera itakavyoupata.

Hatua ya 4: Isome vizuri ile namba ndogo

Hapa wengi sana wanapotea. Skrini ikionyesha 8 na pembeni yake kijinamba 5, wanasoma f/8.5. Sivyo. Kile kijinamba ni sehemu ya kumi ya stopu. Kwa hiyo 8 na 5 ni f/8 na nusu stopu, yaani f/9.5. Kamera inayopanda kwa theluthi: 8 na 3 weka f/9, 8 na 7 weka f/10. Vilevile 5.6 na 3 ni f/6.3, na 5.6 na 7 ni f/7.1. Ziandike kwenye kipande cha karatasi, kibandike nyuma ya kifaa mpaka uzizoee.

Hatua ya 5: Kuba jeupe na mkono wako

Kuba la L-308S, kile kifuniko cheupe cha duara kinachopokea mwanga, linateleza kando. Likiwa katikati, kifaa kinapima mwanga unaomwangukia mtu. Likisukumwa pembeni, kinapima mwanga unaorudi kutoka kwake, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Likisukumwa nusu bila kufika mwisho, usiamini chochote unachosoma.

Chukua familia ya pwani iliyokuja kupiga picha ya Idi: baba amevaa kanzu nyeupe, mama buibui jeusi. Ukipima mwanga unaorudi kutoka kwenye kanzu, kifaa kitataka kuigeuza iwe kijivu, na familia nzima itaingia giza. Ukipima buibui, kitataka nalo liwe kijivu, na uso wa mama utaungua. Ngozi zetu nyeusi zimeharibiwa sana kwa njia hiyo: kifaa kinaona weusi, kinaagiza mwanga zaidi, na mtu anatoka amepauka, hafanani na alivyo. Rudisha kuba katikati, lishike chini ya kidevu cha anayepigwa picha likielekea kamera, na f/8 itakuwa f/8 kwa kanzu, kwa buibui na kwa uso. Weusi utabaki weusi wake. Hii ndiyo sababu nakipenda kifaa hiki.

Simama pembeni usiikinge taa. Na kifaa kiwe palepale penye uso. Taa ya wazi ikiwa mita 1, ukikisogeza sentimita 20 karibu nayo umekosea zaidi ya nusu stopu. Ikiwa mita 3, sentimita hizohizo hazifikishi robo stopu.

Hatua ya 6: Pima mara tano

Kifunge kifaa kwenye stendi, kisiguswe. Washa flashi mara tano, ukisubiri taa ilie kuwa imejaa, kisha ngoja sekunde mbili zaidi. Tofauti ya sehemu moja ya kumi isikusumbue. Ikiruka sehemu tano au sita, taa haijai sawasawa. Umeme ukiwa mdogo taa huchelewa kujaa, na baadhi ya taa za bei nafuu hulia kabla hazijajaa.

Hatua ya 7: Kadi ya kijivu

Ukifika hapa na giza bado ni lilelile, piga picha ya kadi ya kijivu ya asilimia 18 (inayorudisha asilimia 18 ya mwanga) kwa kipimo ulichosoma. Kilima cha histogramu (mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, giza kushoto, weupe kulia) kikae katikati au kushoto kidogo. Rudia kwa nguvu tatu tofauti za taa. Upungufu ukiwa sawa mara zote tatu, tuseme theluthi ya stopu, ufidie kwa kubadilisha ISO ya kifaa kwa theluthi hiyo na uendelee na kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Natumia flashi ndogo ya juu ya kamera na mwavuli. Nikifuata kipimo, picha inaungua vibaya.

Marahaba. Flashi yako iko kwenye TTL, yaani kamera ndiyo inayoamua nguvu yake. Inatoa mmweko mdogo wa majaribio kabla ya ule mkubwa, na kifaa kinaukamata ule mdogo. Iweke M.

Taa mbili, kila moja peke yake inasoma f/8. Zikiwaka pamoja nasoma f/11. Kuna hitilafu?

Hakuna, ndugu yangu. Mwanga umekuwa mara mbili, hiyo ni stopu moja.

Nimeshusha nguvu kutoka kamili hadi robo, kipimo hakijashuka.

Taa nyingi hubaki na chaji ya zamani. Ukishusha nguvu, bonyeza kitufe cha majaribio mara moja uimwage, ndipo upime.

Kifaa changu kinajisomea chenyewe kabla sijawasha flashi.

Zima taa za mirija za darini. Mwanga wake unaweza kukidanganya kifaa kikadhani ni flashi. Zikiwa haziwezi kuzimwa, tumia waya wa sinki, unaounganisha kifaa na flashi.

Kipimo kiko sawa lakini upande mmoja wa picha ni mweusi.

Dada, umepita kasi ya sinki ya kamera yako, yaani kasi kubwa kabisa ya shata inayoenda sambamba na flashi. Kipima mwanga hakiwezi kukuambia hilo, kwa sababu pazia la shata liko ndani ya kamera. Rudi 1/125. Triga zinazochelewa zinaweza kuleta ukanda mweusi hata kwenye 1/200.

Napiga pete na hereni kwa lenzi ya makro, kila kipimo kinatoa giza ila nikipiga watu ni sawa.

Kadiri unavyosogea karibu, lenzi nayo inapoteza mwanga. Pete ikionekana kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, upotevu ni kama stopu mbili. Kamera nyingine hubadilisha namba ya apecha kuonyesha upotevu huo, nyingine haziuonyeshi kabisa. Pima kama kawaida, ongeza stopu moja, tazama histogramu, kisha ongeza nyingine ikihitajika.