Somo: Kulala bila joto Tabora kwa feni moja, AC haihitajiki

Wakuu, Septemba ikiingia swali ni lile lile: ninunue feni gani? Nimejibu mpaka nimechoka. Somo lote liko hapa, na ukiuliza kilichomo humu nitakwambia urudi kusoma.

Kwanza mjue joto linatoka wapi. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita karibu utosini kabisa, kwa hiyo linalopigwa zaidi ni paa. Bati hupoa upesi jua likizama. Tofali la kuchoma na zege havipoi upesi, vinaachia joto polepole hadi usiku wa manane. Ndiyo maana barazani kunakalika saa tatu usiku huku chumbani ni tanuri.

1. Asubuhi kabla jua halijakali, funga madirisha. Dirisha la magharibi tundikia mkeka au turubai kwa NJE. Pazia la ndani linakinga jua ambalo limeshaingia.

2. Godoro jipya livue nailoni. Ndiyo, hata kama unaogopa litachafuka. Shuka iwe ya pamba.

3. Nje kukipoa kuliko ndani, kwa kawaida saa mbili au tatu usiku, fungua.

4. Feni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Feni haipoozi hewa, inaisukuma tu. Ukiiwasha kwenye chumba kilichofungwa inazungusha joto lile lile. Iweke dirishani ikitazama nje, itoe hewa ya moto. Kisha fungua dirisha jingine upande ambao haukupigwa na jua la jioni, hewa ya nje iingilie hapo. Chumba kina dirisha moja? Acha mlango wazi, fungua dirisha la sebuleni. Nafasi inayobaki pembeni ya feni zibeni kwa boksi na selotepu, la sivyo hewa iliyotoka inarudi pale pale. Kupima, shika kipande cha tishu kwenye dirisha la kuingizia: kikivutwa ndani, umepatia. Kikining'inia tu, angalia wavu wa mbu. Ukijaa vumbi haupitishi kitu, uoshe. Kuta zipe saa mbili tatu, si dakika kumi.

ONYO: feni hiyo inavuta hewa kutoka popote. Jiko la mkaa likiwa koridoni, hata kama limebaki makaa machache chini ya majivu, gesi yake inaletwa kitandani. Haina harufu, na inaua mtu usingizini. Jiko litoke nje kabisa kabla hujawasha. Mlango wa choo nao ufungwe, sababu unaijua.

Ukienda kulala, geuza feni ikupulizie wewe. Chandarua kinapunguza upepo, kwa hiyo isogeze karibu, usawa wa godoro. Chandarua hakivuliwi, malaria ya mikoa yetu mnaijua.

5. Kanga mbichi iliyokamuliwa, itundike kwenye dirisha la kuingizia. Kiangazi tu. Mvua zikianza acha, unaongeza unyevu bure.

MASWALI

Mdau wa Ipuli: Mkuu, feni gani nzuri?
— Uliyonayo. Soma namba 4.

Cheyo B: Nimejaribu, hamna kitu.
— Dirisha la pili ulifungua?
Cheyo B: Hapana, naogopa wezi.
— Basi hujajaribu. Weka nondo, kisha uje.

Mama Gungu: Kaka, mimi niko Kigoma, dirisha moja linatazama ziwa, jingine mlimani. Feni niweke wapi?
— Swali zuri, dada. Mchana upepo unatoka ziwani. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unageuka, unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Kwa hiyo feni iwe upande wa ziwa ikitoa, hewa iingie upande wa mlima. Ukipingana na upepo feni inahangaika. Kanga mbichi usiitegemee sana, hewa ya huko ina unyevu kuliko yetu.

Kanyenye: Beseni la barafu mbele ya feni je?
— Friji iliyogandisha hiyo barafu imeshamwaga joto ndani ya nyumba hiyo hiyo. Halafu lita moja ya maji ikikauka kwenye kanga inabeba joto karibu mara 7 ya kilo moja ya barafu ikiyeyuka. Kanga inakutosha.

Isevya: Nikipaka bati chokaa?
— Inabanduka na mvua. Tumia rangi nyeupe ya mabati. Inasaidia kweli, hasa nyumba isiyo na dari.

Mdau wa Ipuli: Na umeme ukikatika?
— Sasa umeuliza. Feni ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya wati 15 na betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 20. Hiyo ni wati-saa 240. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unapata saa 8.
Mdau wa Ipuli: Ya bodaboda haifai?
— Ile ni ya kuwashia injini, tena ndogo. Ukiikausha kila usiku itakufa mapema, na asubuhi utaisukuma pikipiki.