Kuomba Uzamili wa Uhusiano wa Kimataifa Ukiwa Kisumu: Anza na Transkripti

Kama unataka uzamili wa uhusiano wa kimataifa na unaishi huku kwetu, iwe Kisumu, Siaya, Kakamega au Busia, usianze na tovuti ya chuo unachokitaka. Nenda kwanza kule ulikosomea shahada ya kwanza ukadai transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zako. Fomu ya maombi utaijaza jioni moja kwenye saiba pale Kondele. Transkripti inaweza kukumalizia muhula mzima.

Cheti cha kuhitimu peke yake hakitoshi. Watataka alama za kila mwaka zenye muhuri wa msajili, na vyuo vingine husisitiza zitoke ofisi moja hadi nyingine katika bahasha iliyofungwa, wewe usiiguse. Hapo ndipo nilipoumia. Chuo changu cha zamani kilikuwa na alama zangu zote isipokuwa za somo moja la mwaka wa 3. Mhadhiri aliziwasilisha, idara ikazilaza kwenye faili. Watu wa mitihani wakasema niende idarani, idara ikanituma kwa mkuu wa kitivo, na katibu wake akasema mfumo uko chini. Mfumo huo hupenda sana kuwa chini Ijumaa baada ya saa sita. Faili lilipopatikana, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa, na ada ya maombi hairudishwi hata ulie machozi.

Kwa hiyo, ukikuta pengo kwenye alama zako, acha kuuliza dirishani. Mwandikie msajili wa taaluma barua, utaje msimbo wa somo, mwaka na muhula, kisha umpelekee mwenyekiti wa idara nakala. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua yako haijawahi kufika. Hakikisha pia kliaransi yako, yaani uthibitisho kwamba chuo hakikudai kitu, ilikamilika. Deni dogo la maktaba la enzi zile huamka siku unapohitaji karatasi.

Waliosomea ng'ambo ya mpaka, Uganda, wana kibarua cha ziada: shahada yao itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Nairobi. Hilo nalo hulipiwa na lina foleni yake, basi lianzishe mapema.

Sifa zenyewe hazina mengi. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu, au la chini pamoja na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa. Si lazima uwe ulisoma siasa. Walimu wa historia na watu wa sheria wamejaa kwenye madarasa haya. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha wanadiplomasia tangu 1973, na asiyetaka kuhama magharibi anaweza kutazama masomo ya amani na migogoro pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Ukilenga Uingereza kupitia ufadhili wa Chevening, hesabu kwanza saa zako za kazi: wanataka angalau 2,800, na ukimaliza masomo unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka 2.

Barua za mapendekezo ni mtego wa pili. Mfumo humtumia mhadhiri kiungo kwa barua pepe, kiungo kinaangukia kwenye taka, naye anangoja umwambie huku wewe unangoja aandike. Mpigie simu kabla hujaingiza jina lake: "Daktari, samahani kwa usumbufu, utapata ujumbe kutoka chuo fulani, nitakukumbusha." Kisha kweli umkumbushe. Mwalimu aliyesimamia mradi wako na anayekujua kwa jina ni bora kuliko profesa anayeonekana kwenye televisheni. Wahadhiri wakigoma, simu ya mkononi ndiyo ofisi pekee iliyo wazi.

Kuna vyuo vinavyodai wazo la utafiti la kurasa chache. Wengi hukimbilia Marekani na China, na anayesoma maombi ameshachoka nazo. Wewe una ziwa mlangoni. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake hapa Kisumu. Kuna Migingo, mwamba mdogo ambao Kenya na Uganda wamevutania kwa miaka huku wavuvi wakifuata mbuta. Kuna kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo unaweza kukaa kibandani na chai ukaona soko la pamoja la Jumuiya linavyofanya kazi na linavyokwama. Taja unayeweza kumhoji na utakavyomfikia kwa matatu, wajue utafiti wako unatekelezeka. Ukifika hatua ya kwenda nyanjani utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, lakini hicho ni cha baadaye.

Barua ya kukubaliwa ikija, usikimbilie benki. Ipigie idara simu uulize wamepata wanafunzi wangapi, hasa kama ulichagua darasa la wikendi. Wakiwa wachache, darasa husogezwa hadi muhula ujao, na karo uliyolipa hukaa huko ikikungoja. Uliza pia kama unaruhusiwa kuahirisha nafasi, na jibu walitume kwa maandishi.