Sinki la bafuni linanuka: tafuta harufu inapopitia kabla ya kumwaga dawa

Sinki likianza kunuka, wengi wetu tunakimbilia kumwaga dawa kwenye tundu. Harufu inafifia siku mbili, kisha inarudi vilevile. Mimi nilifanya hivyo kwa karibu mwezi mzima nyumbani kwangu: leo siki, kesho klorini. Kumbe harufu haikuwa ikitoka kwenye tundu hata kidogo. Ilikuwa ikitoka nyuma ya sinki, pale bomba linapoingia ukutani. Ndiyo maana somo hili linaanza na pua. Dawa inakuja mwishoni, na mara nyingi hutaihitaji.

Kwanza tuelewane sinki limeundwaje. Chini yake kuna bomba lililopinda, au kikopo kama chupa, ambacho mafundi hukiita trapu. Kila unaponawa, maji kidogo hubaki ndani ya kipinde hicho, kimo cha sentimita 5 hivi au zaidi. Maji hayo machache ndiyo mlango uliofungwa kati ya bafu lako na bomba la maji taka. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskoti, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda namna hiyo, na mpaka leo hakuna kizuizi rahisi kuliko maji.

Kwa hiyo harufu ina njia tatu tu. Ama ni uchafu ulioko juu ya hayo maji, kati ya tundu na trapu. Ama ni hewa ya maji taka inayopita kwa kuwa maji ya trapu hayapo au kuna kiungo kilicho wazi. Ama ni maji yenyewe ya bomba. Kazi yako ni kujua ni ipi kati ya hizo.

Hatua ya 1: Andaa pua

Pua huzoea harufu haraka sana. Ukikaa bafuni dakika tano ukinusanusa, unaanza kudhani tatizo limeisha. Toka nje kwanza, pumua hewa safi, kisha rudi. Au mwite mtu ambaye hakuwamo ndani. Harufu ya uvundo, kama kitambaa kilicholala na unyevu, mara nyingi ni ute ulioganda karibu na tundu. Harufu ya choo au shimo huelekeza kwenye trapu au viungo. Ya mayai viza inaweza kuwa yoyote kati ya zote tatu, kwa sababu gesi yake, haidrojeni salfaidi, hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye ute, kwenye maji taka, na hata ndani ya hita ya maji. Usihukumu kwa pua peke yake.

Hatua ya 2: Jaribu maji

Kinga glasi moja ya maji baridi na nyingine ya maji ya moto, zipeleke chumba kingine, kisha nusa. Kama glasi zote hazina harufu, sahau maji, endelea mbele. Kama ya moto tu ndiyo inanuka, tatizo liko kwenye hita. Zikinuka zote mbili, chanzo ni maji yanayoingia nyumbani, na kusugua sinki hakutasaidia.

Hatua ya 3: Ziba usiku kucha

Jaribio hili ndilo lililoniokoa mimi. Kabla ya kulala, kausha sinki, funika tundu la chini kwa kipande cha nailoni na ukibandike vizuri kwa utepe. Funika pia lile tundu dogo lililo karibu na ukingo wa juu, linalozuia maji yasifurike. Funga mlango wa bafu. Asubuhi, kabla hujazoea hewa ya ndani, ingia unuse.

Bafu likiwa bado linanuka, harufu haipitii ndani ya sinki. Inama uchungulie kabati la chini, ukuta wa nyuma, tundu la sakafuni, na kitako cha choo. Bafu likiwa halinuki, bandua nailoni moja moja na unuse kila tundu peke yake. Hapo utajua pa kuanzia.

Hatua ya 4: Safisha tundu la chini, na hasa lile la juu

Kama harufu iko ndani ya sinki, kuna uwezekano mkubwa ni ute. Mabaki ya sabuni, dawa ya meno, mafuta ya ngozi na nywele huganda kwenye kuta za bomba, na bakteria hustawi humo. Toa kizibo kwanza. Vingine hutoka kwa kuzungusha. Vingine vimeshikwa na fimbo ndogo chini ya sinki, nayo unaifungua kwa nati yake. Utakachokiona chini ya kizibo kinaweza kukukera, lakini hicho ndicho ulichokuwa ukinusa. Vuta nywele zote, kisha sugua kuta kwa brashi ndefu ya chupa, sabuni ya vyombo na maji ya moto ya bomba.

Maji yanayochemka usiyamwage. Mabomba mengi ya plastiki hulegea kwa joto hilo na viungo huanza kuvuja.

Sasa lile tundu la juu. Watu wengi hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo linaloongoza kwa harufu zisizoeleweka. Ndani yake kuna mfereji uliofichika ndani ya mwili wa sinki, unaoshuka hadi kwenye bomba la chini. Povu na mate ya dawa ya meno huingia humo lakini maji ya kusuuza hayafiki karibu kamwe. Ingiza brashi nyembamba inayopindika, sugua kadiri inavyofika, kisha mimina maji ya moto yenye sabuni kwa jagi lenye mdomo mwembamba, polepole, mara kadhaa, mpaka yanayotokea chini yawe safi. Baadaye, mara moja kwa wiki, ziba sinki ulijaze maji mpaka yapite yenyewe kwenye tundu hilo.

Kuhusu siki na soda ya kuokea: povu lake linapendeza macho, lakini vikikutana vinapunguzana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu. Brashi ndiyo inayofanya kazi.

Hatua ya 5: Fungua trapu

Weka ndoo chini. Nati kubwa za plastiki kwa kawaida hufunguka kwa mkono. Zikikataa, tumia koleo kwa upole. Piga picha kabla ya kufungua, ili ukumbuke kila mpira ulikaa upande gani. Osha trapu nje au kwenye ndoo nyingine. Na tafadhali, maji machafu ya ndoo yapeleke chooni. Usiyamwage kwenye sinki hilohilo, kwa maana trapu haipo na yote yataishia miguuni pako. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishe. Ukisharudisha, fungulia maji na upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, kaza kidogo.

Hatua ya 6: Angalia ukutani

Bomba la sinki huingia kwenye bomba pana zaidi lililo ukutani au sakafuni. Pakiwa hapana mpira wa kuziba, hewa ya maji taka hupanda kupitia ule mwanya, hata trapu ikiwa imejaa maji. Pete ya plastiki inayong'aa huficha mwanya huo vizuri sana, kwa hiyo isogeze uone. Dawa yake ni mpira wa saizi inayofaa. Kitambaa chenye unyevu kinatosha kwa muda tu, kuthibitisha kwamba chanzo ni hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, fundi. Sinki letu la chumba cha wageni hunuka kila tunaporudi safari, tukilitumia siku moja harufu inaisha. Tubadilishe trapu?

Jibu: Hapana, dada, trapu yako ni nzima. Maji yake yamekauka kwa kukaa bila kutumika. Mkiwa nyumbani, fungulieni bomba dakika moja kila wiki. Mkisafiri kwa muda mrefu, jaza maji kisha mimina juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia. Yanaelea na kuchelewesha maji kukauka.

Swali: Sinki letu hukoroma choo kikivutwa, halafu harufu inafuata. Nimeshasugua kila mahali.

Jibu: Mkoromo huo ni hewa inayovutwa kupitia maji ya trapu. Maji ya choo yakishuka hutafuta hewa nyuma yake, na bomba la hewa linalotoka juu ya paa likiwa limeziba, au halikuwekwa kabisa, hewa hiyo huchukuliwa kwenye sinki lako na maji ya trapu yananyonywa. Mulika tochi kwenye tundu baada ya kuvuta choo, uone kama maji yameshuka. Yakiwa yameshuka, mwite fundi bomba akague bomba la hewa. Kupanda paani mwenyewe sikushauri.

Swali: Mimi nilimwaga siki, haikufaa, nikaongeza klorini palepale. Macho yalianza kuwasha. Ni kawaida?

Jibu: Ndugu yangu, usirudie kabisa. Klorini ikikutana na siki au tindikali yoyote hutoa gesi ya sumu, na ikikutana na amonia pia hutoa gesi hatari. Ikitokea, toka nje mara moja, acha milango na madirisha wazi, usirudi mpaka hewa isafike. Kama kifua kinabana au kikohozi hakikatiki, nenda hospitali leo, usingoje kesho.

Swali: Kwetu ni maji ya moto tu yanayonuka mayai viza. Hita haina hata dalili ya kutu.

Jibu: Ndani ya tangi nyingi za hita kuna fimbo ya magnesi, iliyowekwa ili iliwe yenyewe na kutu badala ya tangi. Bakteria fulani wakiwa kwenye maji yenye salfeti, fimbo hiyo huwasaidia kutengeneza ile gesi. Fundi anaweza kuweka fimbo ya aina nyingine, mara nyingi ya alumini iliyochanganywa na zinki, na kuua bakteria kwa kupandisha joto la tangi kwa muda. Usiing'oe fimbo ukaacha tangi bila kitu, litaoza mapema. Na wakati wa kupandisha joto, waonye walio nyumbani, hasa wenye watoto: maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huunguza kwa sekunde chache.

Swali: Trapu yangu ni safi, ina maji jioni, lakini baada ya siku mbili imekauka na haivuji popote.

Jibu: Mulika upande wa kutokea wa trapu. Uzi mmoja wa nywele au kitambaa ukilala juu ya kipinde, ncha moja majini na nyingine upande wa pili, hunyonya maji polepole kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Utoe, jaza maji, kisha uangalie tena keshokutwa. Ukikuta yamepungua tena, rudi hapa na picha ya bomba lako tuliangalie pamoja.