Namna ya kufunga holda ya fyuzi inayobana waya bila bisibisi

Holda ya fyuzi iliyozoeleka kwetu ni ile ya skrubu: fundi huchuna waya, huuingiza tunduni, hukaza kwa bisibisi, hufunga mfuniko na kwenda zake. Holda ninayoieleza hapa haina skrubu ya kukaza. Ndani yake mna springi ya chuma inayoubana waya kwenye kipande cha shaba, na fundi huunganisha kwa vidole vyake. Mafundi wengi wa Dar es Salaam hukutana na ubanaji wa namna hii kwanza ndani ya makabati ya umeme ya mashine zilizoagizwa kutoka nje, kwa kuwa kampuni za Ujerumani kama WAGO, Phoenix Contact na Weidmüller zimekuwa zikitengeneza viunganishi vya springi kwa miongo kadhaa. Ni kifaa kizuri, nami nakipendekeza kwa moyo wote, lakini kinadai jambo moja ambalo skrubu ilikuwa ikilisamehe, nalo ni ncha ya waya iliyoandaliwa kwa usahihi. Skrubu ingeweza kukazwa zaidi ili kufidia ncha mbaya. Springi hubana kwa nguvu ileile iliyopewa kiwandani, na haina namna ya kumsaidia fundi aliyechuna waya ovyo.

Ubaya wa skrubu iliyolegea niliuona kwa macho yangu kwenye mashine ya kusaga nafaka huko Mbagala. Mwenye mashine aliniita kwa sababu fyuzi ilikuwa ikikatika kila baada ya siku chache, bila shoti na bila mota kuzidiwa. Nilipoifungua holda, upande mmoja ulikuwa umegeuka kutoka mweupe kuwa wa kahawia, ganda la waya lilikuwa limekakamaa na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na skrubu ilizunguka kwa kuguswa tu. Mtetemo wa mashine ulikuwa umeilegeza kidogo kidogo, na shaba nayo hunywea inapopata joto na kupoa mara nyingi. Hesabu yake ni fupi: muungano uliolegea wenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ukipitiwa na ampea 16, hutoa joto la wati 12.8, ilhali fyuzi yenyewe ya ukubwa wa milimita 10 kwa 38 haitakiwi kutoa zaidi ya wati 3. Joto hilo lote hukaa ndani ya kasha lenye upana wa milimita 18 hivi. Fyuzi haiwezi kulitambua kosa hilo, kwa maana mkondo unaopita ni wa kawaida; yenyewe hupashwa moto na jirani yake hadi ikakatika kabla ya wakati. Mtu asiyejua sababu huweka fyuzi kubwa zaidi, na kwa kufanya hivyo huliruhusu joto liendelee mpaka plastiki iyeyuke. Springi huepusha sehemu kubwa ya tatizo hili, kwa sababu shaba inaponywea springi huifuata na kuendelea kuibana.

Kabla ya kununua, ni vyema kufahamu kwamba dukani neno "springi" hutumika kwa vitu vitatu tofauti. Kuna holda ambayo waya husukumwa moja kwa moja tunduni hadi ukanasa. Hii hupokea waya wa uti mmoja au waya wa nyuzi nyingi uliovishwa feruli, yaani kile kijibomba chembamba cha shaba kinachobanwa kwenye ncha. Kuna ile yenye kiwiko kidogo kinachoinuliwa kwa kidole, waya ukaingizwa, kisha kiwiko kikarudishwa; hii hupokea hata waya wa nyuzi nyingi usio na feruli. Na kuna ya zamani kidogo, ambayo ina springi lakini huhitaji bisibisi bapa kuifungua. Ya tatu nayo ni nzuri, ila mnunuzi anayetaka kufanya kazi bila kifaa atakuwa amenunua kitu kingine. Mwombe muuzaji akuruhusu kuifungua na kuijaribu kwa kipande cha waya hapohapo kaunta.

Tuchukue kazi ya mfano ambayo ni ya kila siku katika jiji hili: pampu ya kisima ya nguvu farasi 1, yaani kilowati 0.75, inayotumia umeme wa volti 230 wa fezi moja. Pampu ya namna hii kwa kawaida huvuta takriban ampea 5 hadi 6 inapofanya kazi, lakini wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 6 itakatika bila kosa lolote. Fyuzi ya ampea 16 ya aina ya gG, yenye ukubwa wa milimita 10 kwa 38, huvumilia kuwaka huko na bado huulinda waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Herufi hizo zilizochapwa kwenye mwili wa fyuzi zina maana. Fyuzi ya gG hulinda dhidi ya shoti na dhidi ya mzigo uliozidi. Ya aM ni ya mota na hulinda dhidi ya shoti peke yake, hivyo lazima iambatane na kinga nyingine ya mzigo. Hata kwa gG, mota yenyewe huhitaji kinga yake dhidi ya kuzidiwa au kufanya kazi kisima kikiwa kikavu, kwa kuwa fyuzi ya ampea 16 haitajali mota inayovuta ampea 9 hadi ikaungua.

Ukubwa wa fyuzi uendane na holda bila kulazimisha. Holda za milimita 10 kwa 38 hufika ampea 32. Zaidi ya hapo kuna za milimita 14 kwa 51 na 22 kwa 58. Fyuzi ndogo za kioo za milimita 5 kwa 20 ni za saketi za kuongozea, wala hazifai kuwekwa mbele ya pampu. Mwili wa fyuzi kubwa ni wa kauri na ndani umejazwa mchanga unaozima cheche wakati wa shoti. Anayeiziba nafasi yake kwa uzi wa shaba ameuondoa mchanga huo pamoja na ulinzi wote.

Kwa pampu ya fezi moja, nunua holda yenye nafasi mbili, ya fezi na ya nyutro. Upande wa nyutro huwekwa kipande kizima cha chuma badala ya fyuzi, kwa sababu fyuzi ikikatika kwenye nyutro pampu husimama huku fezi ikiwa bado hai kwenye nyaya zake, na anayeigusa akidhani imezimika hupigwa. Hapa rangi za nyaya zinahitaji umakini mkubwa. Katika nyumba za zamani utakuta nyekundu, njano na bluu zikiwa fezi na nyeusi ikiwa nyutro. Katika mfumo mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na bluu ndiyo nyutro. Nyumba iliyoongezewa vyumba miaka tofauti huweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya boksi moja. Amini kipimo, usiamini rangi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, au angalau kuweka mtu wa kuilinda, kwani nyumba zetu zina watu wengi na kila mmoja huona ni wajibu wake kuwasha umeme uliozimika. Jaribu kipimo chako kwenye soketi unayojua ina umeme kabla hujazima, kisha pima nyaya za kazi baada ya kuzima, kisha rudi ukakijaribu tena mahali penye umeme wa hakika. Kipimo kibovu huonyesha sifuri vilevile. Mita ya LUKU na waya unaoingia humo kutoka nguzoni ni mali ya TANESCO na haviguswi. Kama huna leseni ya kufunga umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, soma mwongozo huu ili uweze kumsimamia fundi mwenye nayo.

Holda hupachikwa kwenye reli ya chuma ya milimita 35, ileile inayobeba breka. Unaitundika upande wa juu kwanza, kisha unaisukuma chini hadi isikike ikinasa. Zikiwa nyingi, usizibananishe. Fyuzi hutoa joto, na katika miezi ya Desemba hadi Februari boksi lililoko ukutani upande wa jua la mchana tayari lina moto wa kutosha.

Sasa tufike kwenye ncha ya waya, mahali ambapo kazi hii huharibika au kufaulu. Kwenye mwili wa holda, karibu na tundu, huwa kumechapwa mchoro mdogo wa waya na tarakimu ya milimita; mara nyingi ni kati ya 10 na 12, lakini fuata iliyoandikwa kwenye holda yako. Pima kwa rula. Ukichuna pungufu, springi itabana ganda badala ya shaba, na pampu inaweza kuwaka vizuri siku ya kwanza kwa kugusana kwa kubahatisha. Ukichuna zaidi, shaba tupu itabaki nje ya tundu. Tumia plaizi ya kuchunia yenye vipimo, wala si kisu, kwa maana kisu huacha mkato kuzunguka shaba na waya hukatikia hapohapo unapokunjwa. Waya wa nyuzi nyingi uvishwe feruli ya kipimo chake, kisha ibanwe kwa plaizi ya kubania feruli. Plaizi ya kawaida huiponda feruli ikawa bapa, na ikiwa bapa haiingii sawasawa au hushikwa pembe moja tu. Usizamishe ncha kwenye risasi ya kulehemu, kwa kuwa risasi ni laini na hunywea chini ya springi. Na usiingize waya wa alumini kwenye holda iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba.

Inaonekana, basi, kwamba maneno "bila bisibisi" yanahusu tendo la kuunganisha tu. Plaizi mbili bado zinahitajika mezani.

Shika waya karibu na ncha, uelekeze wima kwenye tundu na usukume kwa mkono usiosita. Utausikia ukipita kizuizi kidogo cha springi, halafu ukigonga mwisho. Kwenye holda ya kiwiko, inua kiwiko hadi kisimame chenyewe, ingiza waya hadi mwisho, kisha kirudishe mpaka kilale kabisa. Baada ya hapo vuta waya kwa nguvu ya mkono, si kwa kuujaribu kwa ncha za vidole. Ukitoka, ni heri umetoka sasa. Tazama kwa tochi: ganda liingie kidogo mdomoni mwa tundu na shaba isionekane. Tundu moja lipokee waya mmoja. Nyaya mbili za unene tofauti ndani ya springi moja humaanisha mnene unabanwa na mwembamba unaelea.

Kabla ya kuweka fyuzi, pima kwa multimita kwamba hakuna mawasiliano kati ya juu na chini ya nafasi ya fezi. Weka fyuzi, funga mfuniko, upime tena uone mawasiliano yapo. Washa swichi kuu, kisha pampu. Iache ifanye kazi nusu saa, izime pampu, zima swichi kuu, pima kuhakikisha hakuna umeme, ndipo uguse mwili wa holda karibu na kila waya. Uvuguvugu ulio sawa pande zote ni wa kawaida. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, ncha ya upande huo ichunwe upya.

Mfuniko wa holda hizi hufunguka kirahisi kwa kidole, na urahisi huo ni hatari. Holda si swichi: usiifungue pampu ikiwa inafanya kazi, kwani cheche itaruka kati ya fyuzi na mabano yake. Kwenye umeme wa TANESCO wa hezi 50 mkondo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika; kwenye sola mkondo ni wa moja kwa moja, cheche haina sifuri ya kuzimikia, na huendelea kuwaka huku ikiyeyusha chuma. Kwa pampu za sola tumia fyuzi za gPV, yaani zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, na holda iliyoandikwa volti zake za mkondo huo, na uanze kwa kuzima swichi ya sola.

Kwa wakazi wa Kigamboni, Mbezi Beach na kote kunakofikiwa na upepo wa bahari, holda iwe ndani ya boksi lenye mpira wa kuzuia maji, na kebo ziingie kwa chini. Alama ya IP20 iliyo kwenye holda nyingi ina maana kwamba kidole hakifikii sehemu yenye umeme. Haisemi lolote kuhusu mvua ya masika. Ziba kila tundu lisilotumika, maana sisimizi na mijusi hupenda joto la boksi, na mjusi mmoja anatosha kuunganisha fezi na nyutro.

Siku ya kuutoa waya, bonyeza kitufe cha kuachia au inua kiwiko. Usiung'oe, kwani utaikunja springi na holda itakuwa imekwisha. Kata ncha ya zamani, chuna upya, vika feruli mpya. Ndani ya mlango wa boksi bandika karatasi iliyoandikwa ampea 16, gG, 10 kwa 38, pamoja na tarehe ya kufunga, na uache fyuzi mbili za akiba kwenye mfuko mdogo wa nailoni, ili atakayefika usiku maduka yakiwa yamefungwa asitafute uzi wa shaba.