Gorogoro ya Dana: Namna ya Kukuza Imani Ukiwa Kazini

Ninauza mahindi, maharagwe na ndengu sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Nikiulizwa imani hukua vipi, siwezi kuanza kanisani. Lazima nianze na gorogoro.

Kwa msomaji wa mbali, gorogoro ni mkebe wa bati tunaopimia nafaka. Ukijaa mahindi, unabeba kama kilo mbili. Sasa, ukigonga kitako cha mkebe huo kutoka nje mpaka kibonyee, kwa juu hakuna anayeona kitu. Mahindi yanajaa, yanafanya kilima kizuri, mteja anafunga mfuko wake anaenda. Amepunjwa viganja viwili. Mimi nilipimia watu na mkebe wa namna hiyo kwa miaka minne, na miaka hiyo yote niliimba kwaya.

Siku moja ya Jumanne akaja mama mmoja mzee, tunamwita Dana, yaani bibi kwa Kijaluo, ambaye alikuwa amenunua kwangu wiki iliyotangulia. Hakulalamika. Alitoa mkebe wake kwenye kikapu, umefutwa vizuri, akauweka juu ya gunia mbele yangu. "Nyara," akasema, yaani binti yangu, "leo nipimie na huu." Nikapima. Niliona mwenyewe jinsi mahindi yalivyozidi kuingia mahali ambapo wangu ungekuwa umeshajaa. Alilipa shilingi 120, akashukuru, akaondoka. Mate yalinikauka mdomoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kukua katika Kristo, jambo la kwanza ninalokuomba ufanye ni kutafuta gorogoro yako. Kila kazi ina yake. Kwa mwendeshaji boda ni bei anayomtajia mgeni asiyejua njia. Kwa fundi cherehani ni ile "njoo kesho" anayojua si kweli. Kwa wewe uliye nyumbani huenda ikawa ulimi, vile unavyomsemesha msichana wa kazi wakati hakuna mgeni. Usitafute dhambi kumi. Tafuta mahali pamoja ambapo mkono wako unagusa watu kila siku, kisha upeleke Neno pale.

Kuhusu kusoma. Nilijaribu mara tatu kumaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja, na mara zote niliishia Mambo ya Walawi. Nilichokosea ni kusoma ili kumaliza. Siku hizi nafika sokoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kabla sijafungua magunia nakaa juu ya moja, nasoma aya tano au sita tu. Anza na Injili ya Luka, ina sura 24 na imejaa watu wa kawaida: wavuvi, watoza ushuru, wajane. Soma kimoyomoyo, halafu soma tena kwa sauti. Kama unayo Biblia ya lugha uliyonyonya, mara ya pili soma hiyo. Kuna maneno ya Kiswahili niliyoyasikia tangu utotoni bila kunigusa, nikayasoma kwa Kijaluo yakanichoma. Ukimaliza jiulize swali moja: leo hili linaugusa mkono wangu wapi?

Wazee wetu waliwaita Wakristo wa kwanza wa huku Nyanza josomo, yaani watu wa kusoma. Misheni ya Maseno ilianza 1906, na mtu aliyetaka kubatizwa alikaa kwanza na kitabu, akajifunza herufi. Napenda sana jina hilo. Mkristo alijulikana kwa kuwa bado anajifunza.

Nilipofika Luka 6:38 nilisimama siku nne pale pale. "Kipimo cha kujaa, na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Mhubiri anaweza kuueleza mstari huo kwa saa nzima, lakini muuza nafaka anaujua kwa viganja. Unajaza mkebe, unashindilia kwa ngumi, unautikisa nafaka ishuke, unaongeza, zinamwagika kwenye turubai. Ndiyo nyongeza ambayo kila mteja wa Kibuye huiomba. Bwana Yesu alijua soko.

Kurekebisha kosa ndipo wengi hukwama. Ungama kwa Mungu, ndiyo, lakini usiishie hapo. Acha leo, si mwisho wa mwezi. Mwambie aliyeumia. Rudisha unachoweza. Zakayo alisimama mbele ya watu akasema atarudisha mara nne, na mimi sikuwa na uwezo huo, kwa sababu wateja wa miaka minne nitawapata wapi? Nilinunua mkebe ulionyooka. Nikapandisha bei shilingi 10, nikamweleza kila aliyeuliza kwamba zamani nilipunguza kipimo na sasa nimeacha. Kutamka hayo kwa mdomo wangu mbele ya majirani wa kibanda ilikuwa ngumu kuliko kubeba gunia. Dana alipokuja nilimpa gorogoro mbili bila malipo. Alichukua moja, akaniachia nyingine.

Sitakudanganya kwamba biashara ilinawiri baada ya hapo. Wateja kadhaa walihama kwa sababu ya zile shilingi 10, na wengine hawajarudi. Anayekuahidi kwamba utii utakujazia mfuko anakuandaa kuanguka siku mfuko utakapokuwa mtupu.

Maombi, yafunge kwenye kazi ya mikono. Nikifungua kamba ya gunia nasema Baba Yetu. Nikipepeta ndengu kwenye ungo nataja yale ya jana niliyoyakosea, moja moja, mpaka ungo uishe makapi. Nikimpimia mteja ninayemjua, namwombea kwa jina kimya kimya wakati mkebe unajaa: huyu mtoto wake ana mtihani, yule mumewe hana kazi. Paulo aliposema "ombeni bila kukoma" nilidhani ni ya watawa. Inawezekana hata na vumbi la mahindi puani.

Jumapili ni mtihani mwingine. Kibuye Jumapili ndiyo siku kubwa, watu wanamiminika kutoka kila upande, na mwenye kibanda akifunga anaona hela zikipita mlangoni. Nilikuwa nikienda ibada nikiwa nimekaa nusu kiti, macho kwenye simu. Kisha nikasoma Amosi 8:5, ambapo wauza nafaka wanauliza sabato itaisha lini wafungue biashara, na katika pumzi hiyo hiyo wanapanga kupunguza kipimo. Mambo yale mawili yamekaa kwenye aya moja! Haraka ya kutoka mbele za Mungu na mkebe uliobonyea, na yote mawili yalikuwa yangu. Sasa nakwenda ibada ya kwanza ya asubuhi, simu inabaki kwa binti yangu, na sifungui kabla ya saa nne. Simhukumu anayefungua alfajiri kwa sababu ya karo. Ila nakusihi uwe na saa ambazo hakuna mteja anayeweza kuzinunua.

Tafuta pia wenzako wawili au watatu. Wasizidi hapo. Mkutano mkubwa unafariji, lakini hauulizi swali. Sisi ni watatu: mimi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mshonaji. Jumatano jioni, tukishafunika bidhaa, tunakaa nusu saa na kila mmoja anaulizwa, "Wiki hii ulipima vipi?" Yanayosemwa hayatoki pale.

Utakuja msimu ambao yote haya yatakauka. Nilipomzika mama yangu sikuweza kuomba kwa karibu miezi mitano. Nilifungua kamba za magunia mdomo umefungwa. Usijilazimishe maneno ya furaha wakati huo. Fungua Zaburi ya 13, ambapo Daudi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, au ya 88, inayoishia gizani bila kufika kwenye sifa. Mungu aliziacha zote mbili ndani ya kitabu chake. Mwenzangu wa omena alikuja kila asubuhi akakaa juu ya gunia langu, akanisomea zaburi moja, akaondoka kwenda kuanika samaki wake. Hakuongeza neno. Ilipofika siku nikasema "Baba" mwenyewe, alikuwa ameshafika Zaburi ya 116.

Dana bado huja Jumanne. Ni mwaka wa tatu sasa. Gorogoro yangu iliyonyooka inaning'inia pale kwenye msumari, anaiona. Anatoa mkebe wake kwenye kikapu, nami napima na huo huo, nashindilia, natikisa, naongeza.