Somo: Kigoda cha mbao za paleti na kikalio cha jinzi kuukuu

Suruali ya jinzi iliyotoboka magoti huwa bado nzima mapajani na nyuma ya miguu. Kitambaa hicho kina nguvu ya kumbeba mtu mzima, ukikikata inavyopaswa.

Hatua ya 1: Mbao. Tafuta muhuri pembeni mwa paleti, lile jukwaa la mbao la kubebea mizigo. HT ni mbao zilizotiwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi, mpaka kiini cha ubao, kwa dakika 30, hizo chukua. MB zimefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Ziache, wala usizigeuze kuni. Yenye madoa au harufu kali iache hata ikiwa HT, maana muhuri hauonyeshi ilibeba nini.

Hatua ya 2: Usizibandue mbao kwa mtaimbo, zitapasuka ncha. Pitisha msumeno wa kukatia chuma katikati ya viungo, ukate misumari.

Hatua ya 3: Fremu. Miguu minne ya sentimita 42, na mbao za kuunganisha za 35, juu na chini. Toboa kwanza kwa keekee, paka gundi, kisha kaza skrubu. Mbao za juu ziwe nene, kwa sababu jinzi iliyokazwa huzivuta kuelekea ndani. Zipige msasa mpaka kingo ziwe za mviringo. Kona kali hukata kitambaa polepole kama kisu.

Hatua ya 4: Kukata. Hapa ndipo vigoda vingi huharibikia. Kata vipande kufuata urefu wa mguu wa suruali, kamwe si kukatisha upana, kwa kuwa jinzi nyingi hunyumbuka kwa upana. Upana sentimita 10, kunja kingo zikutane katikati, piga pasi, ushone. Unganisha kwa cherehani, si kwa fundo. Suruali tatu za mtu mzima zinatosha.

Hatua ya 5: Zungusha mtande kwanza, yaani vipande vya kwenda upande mmoja wa fremu, ukivuta kwa nguvu zako zote, kisha pitisha mshindio, vile vya kukatisha, juu, chini, juu, chini. Malizia kwa kupigilia ncha upande wa chini.

MASWALI

Fundi, fulana je? Ninazo nyingi.
Fulana ni kitambaa kinachonyumbuka, ndugu yangu; kitabonyea. Zikate vipande, ujazie mto wa juu.

Rangi haitachafua nguo za mkaaji?
Jinzi mpya nyeusi au ya buluu iliyokoza itachafua. Ifue peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki havifungi rangi ya indigo, usipoteze muda navyo.

Nina mlango wa zamani wenye rangi inayobanduka. Niupige msasa?
Hapana, dada. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Tafuta mbao tupu.